Miyaa Kumi na Mitatu

"Nakubali kwa moyo mkunjufu," mashine ilisema. "Nawashukuru nyote, wanangu, kwa jinsi mnavyonijali."

Watu saba waliokuwa chumbani wakapiga makofi. Raya Ussi Pandu, aliyekaa pembeni na kompyuta mapajani, hakupiga. Aliwadharau watu wanaopigia makofi mashine, na hawa aliwadharau zaidi, kwa kuwa wanne kati yao walikuwa madaktari na walipaswa kujua wanashangilia nini.

Aliyesemewa maneno hayo alikuwa Bi Mize Kombo Shaame, mwenye miaka sabini na mmoja, aliyelazwa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya chumba. Kiharusi kilikuwa kimempiga miezi kumi na minne nyuma. Hakusogeza mkono wala mdomo. Macho yake yalifunguka asubuhi na kufumba usiku bila kufuata mtu wala kitu. Chini ya fuvu lake, juu ya ile sehemu ya ubongo inayotawala midomo na koo, ilikuwa imetandazwa karatasi nyembamba ya elektrodi. Hiyo karatasi, pamoja na kisanduku cheupe kilichoning'inia kwenye kiti, ndiyo iliyoitwa Ulimi. Mgonjwa akijaribu kusema, umeme hupita ubongoni hata kama mdomo umekufa. Ulimi uliusoma umeme huo, ukausimbua, ukautoa kama sauti. Watu elfu nne walikuwa wakisema kwa Ulimi, na kwa miaka kumi na moja sasa mahakama zilikuwa zikipokea maneno yake kama sahihi ya mtu mwenyewe.

"Basi imekamilika," alisema Dakta Nadhir Abeid, mkurugenzi wa kliniki. "Bi Mize ameridhia daraja la pili. Alhamisi saa tatu karani wa mahakama atakuja kuthibitisha, saa sita tunafanya upasuaji. Tutaondoa kipande cha ubongo kinachotawala mikono, ambacho hana kazi nacho tena, tuweke karatasi pana zaidi. Atasema mara tatu ya hivi."

"Mola atulinde," akasema mwanamke mmoja karibu na mlango, akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha.

Dakta Nadhir akageuka. "Kuna la kuchekesha?"

"Lipo. Huyo si shangazi yangu."

Dakta akatabasamu kama anavyotabasamiwa mtoto aliyevunja kikombe, akawaongoza wageni wake kwenda kunywa chai. Raya akabaki kukusanya nyaya. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na jambo moja dogo lililomkera: wakati mashine ilipokuwa ikitoa zile shukrani, kichujio cha saba kilitupa takataka nyingi kuliko alivyowahi kuona kwa mgonjwa yeyote.

*

Mwanamke aliyecheka alimvizia kwenye ukumbi. Alikuwa na miaka kama thelathini, mwembamba, vidole vyake vimekolea rangi ya zambarau mpaka kwenye kucha.

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ni mhandisi."

"Ndiyo hiyo hiyo. Mie naitwa Mgeni. Kaka yake shangazi ndiye baba yangu, na shangazi ndiye aliyenilea. Nataka uniambie nani anasema mle ndani."

"Shangazi yako."

"Shangazi yangu hajamwambia mtu ahsante tangu nipate akili. Nilimpelekea samaki siku ya Idi, akaniuliza, hawa umewavua au wamekufa wenyewe kwa kukuona? Leo nasikia moyo mkunjufu! Hilo neno hata kulijua sidhani kama analijua."

"Kiharusi hubadilisha watu," Raya alisema, akianza kuondoka.

"Kinaua watu. Hakifundishi adabu."

Raya akasimama. Kwa kawaida alikuwa hana subira na jamaa wa wagonjwa. Aliwaona kuwa watu wanaotaka kufarijiwa na wanaolalamika faraja ikiwa na ladha wasiyoipenda. Lakini huyu hakutaka faraja.

"Alifanya kazi gani kabla ya kuugua?"

"Alikuwa akisuka mikeka. Mikeka ya maneno. Unajua ile ya harusi, yenye maandishi? Wete nzima hakuna aliyemfikia. Mtu akimwagiza asuke dua ya heri, yeye anasuka anachoona kinamfaa huyo bwana harusi. Walimnunia, na walirudi kumwagiza."

Raya akashukuru kwa kichwa, akaenda zake. Alijiambia kwamba amepoteza dakika tano.

Alasiri hiyo, hata hivyo, alifungua jalala la kichujio cha saba. Kichujio hicho alikiandika yeye, miaka sita nyuma, na alijivunia. Kazi yake ilikuwa kutupa umeme unaovuja kutoka sehemu ya mikono, ambao kila mtu alikubaliana kwamba ni kelele tupu. Mfumo uliweka takataka hizo siku thelathini, kisha ukazifuta. Katika miaka sita hakuna aliyewahi kuzitazama, yeye akiwa wa kwanza katika kutotazama.

Takataka za wagonjwa wengine zilikuwa mchanga: nukta zilizotawanyika bila mpango. Za Bi Mize zilikuwa na mwendo. Kulikuwa na pigo la namna moja, lililotoka upande wa kidole gumba cha kushoto, na pigo la namna ya pili, la kulia. Pigo moja kila baada ya sekunde mbili, saa baada ya saa, kuanzia asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, kila siku. Na kila baada ya mapigo kumi na matatu palikuwa na pumziko refu kidogo.

Raya aliwachukia watu wanaoona sura mawinguni. Alihesabu tena, akiwa na hamu ya kujikosoa. Kumi na matatu. Akahesabu siku nyingine. Kumi na matatu. Mkeka husukwa kwa miyaa, vipande vyembamba vya majani ya ukindu, na kila msukaji ana idadi yake. Akachukua simu, akampigia Mgeni.

"Shangazi yako alikuwa akisuka kwa miyaa mingapi?"

"Kumi na mitatu. Wengine wanasuka kwa saba, kwa tisa, lakini herufi haikai sawa. Kwani vipi?"

"Njoo kesho asubuhi," Raya alisema. "Uje na ukili mmoja aliousuka."

*

Mgeni alikuja na ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, umekunjwa kama mkanda, akauweka mezani katikati ya karatasi. Raya alikuwa amechapa mapigo yote ya wiki moja: mraba mweusi kwa kidole cha kushoto, mweupe kwa cha kulia, kumi na mitatu kila mstari.

"Kushoto anainua mwaa," Mgeni alisema, akigusa ukili. "Kulia anaulaza. Akiinua, mwaa wa rangi unaonekana. Akilaza, unajificha. Hivyo tu."

"Basi hapa pangekuwa na herufi. Hakuna. Tazama."

Mgeni akatazama kwa muda. Halafu uso wake ukakunjika kwa dharau safi, ya mtu aliyesikia mambo makubwa kuhusu nyumba fulani na sasa ameiona.

"Umesoma wapi wewe?"

"Kwa nini?"

"Umeyapanga kama kitabu. Kila mstari unaanzia kushoto. Sasa mkono wa msukaji unapofika ukingoni unaruka hewani kurudi mwanzo? Unakwenda, ukifika mwisho unakunja, unarudi ulikotoka. Mstari mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi."

Raya aliandika amri moja fupi, akageuza kila mstari wa pili. Karatasi mpya ikatoka. Herufi zilikuwa nene, zenye pembe, kila moja ikichukua mistari saba, na hata asiyejua chochote kuhusu mikeka angezisoma.

NANI ANASEMA

Hilo lilikuwa la siku ya kwanza waliyokuwa nayo, likirudiwa mpaka adhuhuri. Siku ya pili: SI MIMI. Siku ya tatu, ya nne na ya tano: SI MIMI. Kisha, kwa siku mbili, WAPUMBAVU. Raya alizidi kuchapa. Kulikuwa na siku ambazo alisuka dua, na siku moja alisuka mauzauza yasiyosomeka, yenye mapigo ya haraka, na Mgeni akasema kwamba siku hiyo ndiyo mashine ilipomwimbia mjukuu wa jirani wimbo wa kitoto mbele ya watu. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu, saa ile ile ya makofi. Palikuwa na neno moja tu: SITAKI.

Mgeni alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Inaweza kuwa sadfa," Raya alisema, na yeye mwenyewe alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kijinga.

Wakaenda chumbani kwa Bi Mize. Raya akazima sauti ya kisanduku, akakifungua kichujio cha saba kwa mara ya kwanza tangu akiandike, akaweka kioo mahali ambapo wote wawili wangekiona. Akainama karibu na kiti.

"Shikamoo Bi Mize. Naitwa Raya. Mimi ndiye niliyekuzibia mikono. Kama unanisikia, suka jina la huyu aliyesimama kando yangu, na neno jingine lolote upendalo, ili nijue ni wewe."

Kwa dakika moja hakukuwa na kitu. Kisha mraba mweusi. Kisha mweupe. Walisimama nusu saa na zaidi wakitazama mistari ikienda na kurudi.

MGENI MVIVU

Mgeni akapiga magoti, akauweka uso wake kwenye mapaja ya shangazi yake, akalia kwa sauti. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyu. Ndiye mwenyewe, wallahi."

*

Dakta Nadhir alikuwa akimenya chungwa alipoingia Raya, na hakuacha kumenya. Alisoma karatasi alizowekewa mezani, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye WAPUMBAVU alicheka kwa dhati.

"Unajua ni kiasi gani cha maneno ya Ulimi kinachotoka kwa mgonjwa mwenyewe?" aliuliza.

"Kwa wastani, asilimia sabini."

"Hiyo ndiyo tuliyoandika kwenye maombi ya leseni. Ni thelathini na moja. Kinachobaki ni mjazo. Ishara ikiwa hafifu, mashine hutafuta sentensi ambazo watu wema husema katika hali kama hiyo, ikachagua inayofaa. Kwa Bi Mize ni asilimia tatu."

"Ulijua."

"Nilijua kwamba ni kidogo. Sikujua kwamba anatutukana." Akatia kipande cha chungwa mdomoni. "Raya, kaa. Usinitazame hivyo. Umefanya kazi hapa miaka minane, hukuwahi kuuliza. Kwa nini? Kwa sababu familia zinafurahi. Hakuna mtu anayetaka kusikia mgonjwa. Mgonjwa analalamika, analaumu, ananuka. Watu wanataka baba awaambie kwamba anawapenda, halafu waende nyumbani."

"Wangapi wamekatwa kwa daraja la pili?"

"Arobaini na mmoja."

"Kwa ridhaa ya mashine."

"Kwa ridhaa iliyopokelewa na mahakama." Akafuta mikono. "Nitakwambia tutakachofanya. Alhamisi nitaahirisha upasuaji wa Bi Mize kwa sababu za kitabibu. Presha. Mpwa wake atamchukua nyumbani, bibi atasuka matusi mpaka siku yake ifike. Wewe utazichoma karatasi hizi. Hakuna atakayeumia. Lakini ukizipeleka kwa jaji, atazima Ulimi wote, wa elfu nne, na hao wenye ishara nzuri pia. Na kila mjane na kila yatima aliyewahi kuambiwa neno jema atajua kwamba aliambiwa na kisanduku."

Akasita, halafu akalisema lile alilokuwa amelihifadhi.

"Na wewe pia. Mama yako alikuwa na asilimia nne."

Raya alijua kwamba lingekuja. Alikuwa amegombana na mama yake, wakakaa miaka minne bila kuzungumza, na aliporudi mama alikuwa tayari amelala na Ulimi kichwani. Wiki mbili kabla ya kufa, kisanduku kilisema, "Nimekusamehe, Raya. Ulikuwa mtoto mzuri siku zote." Maneno hayo alikuwa nayo kwenye simu. Na alijua, tangu jana alasiri, kwamba hakuwa mtoto mzuri siku zote, na kwamba mama yake alikuwa wa mwisho duniani wa kusema hivyo. Takataka za mama zilifutwa siku ya thelathini, kama za watu wote. Kama kulikuwa na laana ndani yake, au msamaha wa kweli, kichujio cha saba kilivitupa.

"Maliza chungwa lako," alisema, akakusanya karatasi zake.

*

Jumatano alikwenda kwa Mwalimu Hija Choum, kwa sababu kati ya elfu nne hakuna aliyekuwa na ishara nzuri kuliko yeye. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulikuwa umemla mwili wote akiwa na miaka arobaini na nne, na bado alikuwa akifundisha hesabu darasa la sita, akiwa amelala, kwa sauti ya Ulimi, na wanafunzi wake walimwogopa. Raya alimweleza kila kitu, bila kupamba.

"Ukisema, watazima yote?" aliuliza Mwalimu. Sauti ya kisanduku ilikuwa kavu. Ilifanana na alivyokuwa.

"Jaji atazima kwanza, ndipo aulize maswali."

"Basi mimi narudi kaburini nikiwa hai. Kwa muda gani?"

"Sijui. Miezi. Labda zaidi."

"Katika kila maneno mia, yangu ni mangapi?"

"Themanini na matatu."

"Na yale kumi na saba, wewe unayajua ni yapi?"

"Hapana."

"Wala mimi. Sentensi ikianza kuwa yangu inamalizika nikiwa nadhani bado ni yangu. Mwezi wa tatu nilimwambia mwanangu asikanyage tena nyumbani kwangu. Hakukanyaga. Nilijilaumu sana kwa ukali wangu." Kisanduku kikatoa sauti ndogo, ile ambayo wahandisi walikubaliana iwe kicheko. "Umekuja kuniomba ruhusa?"

Raya alitazama sakafu. "Ndiyo."

"Sikupi. Unataka kunizima, na unataka nikushike mkono huku unanizima ili ulale vizuri. Nenda kafanye utakalolifanya, na mimi nitakuchukia kadiri nipendavyo. Hilo angalau litakuwa langu mia kwa mia."

Alitoka akiwa na hasira naye. Njia nzima alitafuta kosa katika maneno yale, na mpaka alipofika kwake alikuwa hajalipata.

Aliketi na simu yake. Hesabu aliyokuwa akijaribu kuifanya ilikuwa hii: upande mmoja, mwanamke mmoja ambaye angeokolewa hata kama yeye angenyamaza. Upande wa pili, elfu nne ambao wangepokonywa kitu, wengine kitu cha kweli. Kwa hesabu hiyo Dakta Nadhir alishinda bila jasho. Lakini Raya aliwafikiria wale arobaini na mmoja. Huenda wote walikuwa mchanga mtupu. Huenda mmoja wao alikuwa fundi cherehani, au mpiga zumari, au mtu aliyekuwa akihesabu tasbihi kwa vidole, akisema *sitaki* kwa njia aliyoijua, siku baada ya siku, ndani ya kichujio chake. Na mwezi ujao kungekuwa na wa arobaini na mbili. Kunyamaza kulimaanisha kwamba yeye ndiye angeendelea kuwanyamazisha, sasa akijua.

Aliisikiliza sauti ya mama yake mara moja, mpaka mwisho. Kisha akaifuta, kwa sababu aliona haya kuendelea kuimiliki.

*

Karani wa mahakama, Bwana Makungu, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mizito, aliyejulikana Chake Chake nzima kwa kufuata kanuni mpaka watu wakachoka naye. Alhamisi saa tatu alifungua daftari lake, akasoma jina la mgonjwa, akasoma kusudio la upasuaji. Dakta Nadhir alikuwa ametayarisha sentensi yake kuhusu presha. Alimtazama Raya, akasubiri.

"Mhandisi wa zamu," Makungu alisema. Swali hilo aliliuliza kila mara, na kila mara lilijibiwa kwa neno moja. "Mashine iko sawa?"

"Haiko sawa," Raya alisema.

Akazima mjazo. Kisanduku cheupe, ambacho hakijawahi kukosa la kusema mbele za watu, kikanyamaza kabisa. Akafungua kichujio cha saba, akageuza kioo kikubwa cha ukutani ili kila mtu akione.

"Bwana Karani, maneno yaliyosemwa hapa Jumatatu hayakuwa ya mgonjwa. Yalitungwa na mashine. Mgonjwa anasema kwa mikono. Ni msukaji, na anasuka. Muulize sasa, atakujibu mwenyewe."

"Hii ni hitilafu ya mtambo," Dakta Nadhir alisema haraka. "Mgonjwa pia presha yake si nzuri. Naomba tuahirishe."

Makungu alikuwa anatazama kioo, ambapo mraba mweusi mmoja ulikuwa umetokea. "Hicho ndicho anachosema?"

"Ndiyo. Lakini anakawia. Herufi moja ni kama dakika tatu."

Makungu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamgeukia mgonjwa, si mashine. "Bi Mize Kombo Shaame, unaridhia upasuaji huu?"

Miraba ikaanza kutiririka.

"Bwana Karani, haiwezekani tukae hapa—" Dakta Nadhir alianza.

"Kanuni ya nne. Mgonjwa anapotoa kauli asikatizwe." Akavuta kiti, akakaa. "Hakuna kanuni inayotaja dakika ngapi."

Wakakaa. Daktari mmoja alijaribu kutazama simu yake, Makungu akamtazama, naye daktari akairudisha mfukoni. Walioshangilia Jumatatu walilazimika kuketi na kumsubiri mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumsubiri tangu aletwe. Baada ya dakika ishirini hivi ukutani palikuwa pameandikwa SITAKI.

Dakta Nadhir akainuka. Makungu akainua kidole. "Bado anasuka."

Dakika ishirini nyingine zikapita. Mgeni, aliyekuwa nyuma ya kiti cha shangazi yake, alilisoma neno kabla halijakamilika, akauma midomo asicheke.

TOKENI

Bwana Makungu aliyaandika maneno yote mawili kwa mwandiko wake mzuri, akatia tarehe na sahihi, akafunga daftari. "Mgonjwa ametoa kauli," alisema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata maagizo, akawa wa kwanza kutoka.

*

Jaji alifanya kama alivyotabiriwa. Ulimi ulipigwa marufuku nchi nzima mpaka uchunguzi ukamilike, na Dakta Nadhir akanyang'anywa pasipoti. Raya akanyang'anywa leseni ya uhandisi, jambo ambalo aliliona ni sahihi. Hukumu ilikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyekitarajia: kwamba mashine zisizimwe kwa mbali, kwa kubonyeza kitufe kimoja mjini, bali kila familia ifuatwe nyumbani ndani ya siku kumi na nne, ielezwe, na waelezao wawe wale wale waliozitengeneza. Wahandisi sita waliacha kazi asubuhi ile. Walilia kwamba ni udhalilishaji.

Mashine ya Mwalimu Hija ilizimwa na mtu mwingine. Raya hakuthubutu.

Watu walimtukana sokoni. Mwanamke mmoja alimfuata hatua kwa hatua, akimuuliza kama sasa ameridhika. Raya hakuwa ameridhika. Jioni alikwenda nyumbani kwa Mgeni, alikofunga kisoma mikono cha Bi Mize kisicho na mjazo wa aina yoyote. Bi Mize alikuwa akisuka vizuri zaidi sasa. Mistari yake ilinyooka. Raya alikaa mbele ya kioo, na ingawa asingekiri, alikuwa akingoja neno moja jema. Alidhani amelistahili. Alingoja nusu saa.

UMECHELEWA

"Usimjali," Mgeni alisema. "Ndivyo alivyo."

"Hajakosea," Raya alisema.

Asubuhi yake alichukua orodha. Alikuwa ameiomba sehemu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, ile ya watu arobaini na mmoja. Jina la kwanza lilikuwa la Vuai Mcha, fundi wa injini za mashua, Mkoani, aliyefanyiwa daraja la pili miaka miwili nyuma. Nyumba ilikuwa safi, na mlango ulikuwa wazi. Mkewe, Bi Riziki, alitokea akifuta mikono kwenye kanga, akatabasamu.

"Hodi," Raya alisema.

"Karibu, dada, karibu sana," kikajibu kisanduku kutoka kitandani, kabla mke hajafungua mdomo. "Nyumba hii ni yako."

"Umemsikia?" Bi Riziki alisema, macho yakimng'aa. "Tangu wamkate ile mara ya pili, hasemi ila mazuri. Zamani alikuwa mkali, siku nzima hanisemeshi. Sasa kila asubuhi ananiambia ananipenda. Mimi hizo habari za redioni sizisikilizi. Mume wangu namjua."

Raya alifungua kompyuta yake, akatazama mstari wa ishara. Ulikuwa umenyooka kutoka ukingo mmoja wa kioo mpaka wa pili. Mikono, kimya. Mdomo, kimya. Haikuwa asilimia nne wala tatu. Haikuwa kitu.

"Bi Riziki," alisema, "naomba tuizime kwanza, ndipo nikueleze."

"Tuzime nini?"

"Mashine."

Tabasamu la mwanamke yule likaondoka polepole. "Unataka nimzime mume wangu?"

"Msigombane, wapenzi wangu," kisanduku kikasema kwa upole. "Maisha ni mafupi."

Raya akanyoosha mkono, akaizima yeye mwenyewe. Chumba kikawa kimya, na katika kimya hicho akasikia, kwa mara ya kwanza, jinsi Vuai Mcha alivyokuwa akipumua. Akaketi sakafuni, miguuni pa Bi Riziki, akaanza kumweleza tangu mwanzo.